Kufuata Bidhaa au Kufuata Maoni? Uhakiki wa Tafiti za Kitaaluma Kuhusu Ununuzi na Ugavi

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna tafiti za kitaaluma kuhusu ununuzi na usimamizi wa mnyororo wa ugavi zinavyopata ushahidi wake. Mifano mingi imechukuliwa kutoka katika ugavi wa dawa nchini Tanzania, kwa kuwa huko ndiko kosa la mtafiti linakoweza kumfikia mgonjwa. Hoja kuu ni kwamba utafiti unaotegemea maoni ya wanunuzi pekee hujibu swali tofauti na lile ulilojiuliza: huuliza kama bidhaa ilifika, hujibiwa kama watumishi wanaridhika. Makala inaonesha kasoro tatu za muundo uliozoeleka wa tasnifu, inatathmini matumizi ya jedwali la Kraljic, kisha inalinganisha muundo huo na tafiti za Tanzania, Zambia na Italia zilizofuata bidhaa yenyewe. Inapendekezwa kwamba kila tasnifu ya fani hii iwe na angalau kipimo kimoja kisichotokana na kauli ya mhojiwa.

1.0 Utangulizi

Ununuzi wa umma nchini Tanzania umetungiwa sheria mpya mara nne ndani ya kipindi kisichozidi robo karne: mwaka 2001, 2004, 2011 na 2023. Sambamba na sheria hizo zimekuwapo taasisi za kuzisimamia, zikiwamo Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA), Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini (GPSA) na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi (PSPTB). Vyuo navyo vimeitikia. Ununuzi na ugavi hufundishwa kuanzia ngazi ya cheti hadi uzamivu, na hazina za tasnifu za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki zina kazi nyingi za fani hii.

Swali la makala hii ni rahisi kulitamka: kazi hizo zimetufundisha nini kuhusu bidhaa zinazonunuliwa? Zabuni ya dawa haiishi pale mkataba unapotiwa saini. Huisha pale mgonjwa anapokabidhiwa dozi yake dirishani, au anapoambiwa akanunue duka la nje. Utafiti usiofika kwenye dirisha hilo unaweza kuwa na majedwali mengi na bado usijue kama ununuzi ulifanikiwa.

Uhakiki huu unaulenga muundo, haumlengi mtu. Kwa sababu hiyo hakuna tasnifu ya mwanafunzi yeyote inayotajwa. Tafiti zinazotajwa kwa majina ni zile zilizochapishwa na kujulikana katika fani, kwa kuwa msomaji anaweza kuzisoma mwenyewe na kupima kama zimesomwa hapa kwa haki.

2.0 Chimbuko la Fani na Funzo Lake

Kwa muda mrefu ununuzi ulihesabiwa kuwa kazi ya karani: kupokea mahitaji, kutafuta bei, kuandika oda. Kuanzishwa kwa jarida la kitaaluma la ununuzi nchini Marekani mwaka 1965 kulikuwa dalili kwamba kazi hiyo ilianza kuchukuliwa kuwa eneo la maarifa. Istilahi ya usimamizi wa mnyororo wa ugavi ilianza kuenea baada ya mwaka 1982, ikihusishwa na mshauri wa biashara Keith Oliver. Mwaka uliofuata Peter Kraljic alichapisha makala iliyowataka wakuu wa kampuni waache kuuona ununuzi kama shughuli ya ofisini na kuanza kuuona kama mkakati.

Hata hivyo, matokeo yaliyoipa fani hii uzito wa kisayansi yalitokana na watu waliofuata mienendo ya bidhaa na oda. Jay Forrester, katika kazi zake za mwaka 1958 na 1961, alionesha kwamba mabadiliko madogo ya mauzo kwa mteja hukua yanapopanda kutoka dukani kwenda kwa msambazaji hadi kiwandani. Mwaka 1997 Hau Lee, Padmanabhan na Whang walilieleza jambo hilo kwa mfano ambao umekuwa mashuhuri. Kampuni ya Procter & Gamble ilipochunguza oda za nepi zake aina ya Pampers iligundua kwamba mauzo ya madukani hayakuyumba sana, lakini oda za wasambazaji ziliyumba mno, na oda za kampuni yenyewe kwa wagavi wa malighafi ziliyumba zaidi. Watoto walikuwa wakitumia nepi kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki. Kuyumba kulizaliwa ndani ya mnyororo: katika makadirio, katika kuagiza kwa mafungu makubwa, katika punguzo za bei na katika woga wa kuishiwa.

Funzo la mfano huu ni la kimbinu. Kila mtu katika mnyororo ule alikuwa akifanya uamuzi wenye busara kwa nafasi yake. Kama wangepewa hojaji, kila mmoja angeweza kueleza kwa unyofu kwamba oda zake zinafuata mahitaji. Tatizo lilionekana baada ya namba za ngazi moja kuwekwa kando ya namba za ngazi nyingine.

3.0 Muundo Uliozoeleka wa Tasnifu

Msomaji wa tasnifu za ununuzi na ugavi hukutana mara kwa mara na umbo moja. Mada huwa ni athari za jambo fulani katika utendaji wa taasisi fulani. Nadharia mbili au tatu hutajwa, mara nyingi nadharia ya uwakala ya Jensen na Meckling (1976), nadharia ya gharama za miamala ya Williamson au nadharia ya rasilimali iliyoelezwa na Barney (1991). Hojaji yenye kipimo cha Likert cha ngazi tano hugawiwa kwa watumishi. Majibu huingizwa katika programu ya takwimu, rigresheni hufanyika, uhusiano hupatikana, na mtafiti hupendekeza mafunzo zaidi. Umbo hili lina kasoro tatu zinazostahili kutenganishwa.

3.1 Mduara wa Vigeu

Kasoro ya kwanza ni kupima kitu kilekile mara mbili kwa majina mawili. Chukulia utafiti unaochunguza athari za kuzingatia Sheria ya Ununuzi katika utendaji wa ununuzi. Kigeu huru kinapimwa kwa kauli kama vile “taratibu za zabuni hufuatwa”. Kigeu tegemezi, yaani utendaji, nacho kinapimwa kwa kauli kama vile “ununuzi hufanyika kwa uwazi na kwa mujibu wa mpango wa mwaka”. Mpango wa mwaka wa ununuzi ni takwa la sheria hiyohiyo. Kwa hiyo mtafiti amegundua kwamba wanaosema sheria inafuatwa husema pia kwamba sheria inafuatwa. Kiwango cha juu cha uhusiano katika hali hiyo hakistahili kuitwa matokeo.

3.2 Shahidi Mmoja

Kasoro ya pili ni kumfanya mtu mmoja kuwa shahidi wa sababu na wa matokeo. Afisa ugavi anaulizwa kama kitengo chake kinachagua wazabuni kwa umakini. Ukurasa unaofuata anaulizwa kama kitengo hicho kinapata bidhaa bora kwa wakati. Wahenga walishasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Podsakoff na wenzake (2003) walilieleza jambo hili kwa lugha ya takwimu: majibu yanapotoka kwa mtu mmoja, kwa chombo kimoja na kwa wakati mmoja, sehemu ya uhusiano unaoonekana huzalishwa na namna ya kuuliza. Kipimo cha alfa cha Cronbach, ambacho tasnifu nyingi hukitaja kuwa uthibitisho wa ubora wa hojaji, hakitoi kinga dhidi ya tatizo hili. Alfa huonesha kwamba majibu yanashikamana. Majibu ya mtu anayejitetea hushikamana vizuri sana.

3.3 Fomula Isiyouliza “Nani”

Kasoro ya tatu imo katika usampulishaji. Fomula ya Yamane (1967) hugawa idadi ya kundi lengwa kwa moja jumlisha zao la idadi hiyo na kipeo cha pili cha kiwango cha kosa. Taasisi yenye watumishi 120, kwa kosa la asilimia 5, hupata sampuli ya watu 92. Hesabu ni sahihi, ila inajibu swali la wangapi na kuliacha swali la nani na la nini. Katika watu hao 92 wamo wahasibu, watunza kumbukumbu na wengine ambao huenda hawajawahi kufungua jalada la zabuni.

Tatizo kubwa zaidi ni kitengo cha uchanganuzi. Mada inahusu ununuzi, hivyo kinachopaswa kuhesabiwa ni zabuni, mikataba, oda na mapokezi ya mali. Watu 92 wanaozungumzia zabuni moja ni ushahidi wa zabuni moja. Mtafiti aliyesoma majalada 40 ya zabuni katika taasisi hiyohiyo, akaandika tarehe ya tangazo, tarehe ya kutunukiwa mkataba na tarehe ya kupokea mali, ana sampuli ndogo kwa macho ya fomula lakini anajua mengi zaidi.

4.0 Nadharia ya Kuazima: Jedwali la Kraljic na Dawa ya Uzazi

Jedwali la Kraljic hutumiwa sana kama kiunzi. Hupanga bidhaa kwa vipimo viwili: uzito wake katika faida ya kampuni, na hatari ya kukosa ugavi. Hupatikana makundi manne: bidhaa za kimkakati, bidhaa ambazo mnunuzi ana nguvu juu yake, bidhaa zenye vikwazo vya ugavi, na bidhaa za kawaida. Jedwali hili lilikusudiwa viwanda vikubwa vyenye wasiwasi wa malighafi. Linapohamishiwa hospitali ya umma bila kurekebishwa, hupotosha.

Mfano mzuri ni oksitosini, dawa inayotumika kuzuia na kutibu kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Bei yake ni ndogo na watengenezaji wake ni wengi. Kwa kipimo cha Kraljic itaangukia katika bidhaa za kawaida, ambazo mnunuzi anashauriwa kurahisisha taratibu zake na kutozipotezea muda. Lakini oksitosini inapaswa kuhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi. Jokofu likizimika, leja itaendelea kuonesha kwamba dawa ipo, ilhali nguvu yake inapungua. Mama anayevuja damu hawezi kusubiri oda ya mwezi ujao. Hatari ya bidhaa hii iko baada ya ununuzi, katika usafirishaji na uhifadhi, mahali ambapo jedwali halifiki na hojaji iliyojengwa juu ya jedwali hilo haiulizi.

Haifuati kwamba nadharia ya kigeni itupwe. Kipimo cha faida kinaweza kubadilishwa kuwa kipimo cha madhara ya kukosekana kwa bidhaa. Wafamasia wa hospitali tayari hupanga dawa kwa kuzingatia kama ni za kuokoa uhai, muhimu, au zisizo za lazima sana. Mtafiti anayeuweka mpangilio huo mahali pa faida atakuwa ameijaribu nadharia katika mazingira mapya, na huo ndio mchango unaodaiwa katika tasnifu. Anayeitaja tu katika sura ya pili na kutoirudia katika sura ya nne ameipamba kazi yake.

5.0 Tafiti Zilizofuata Bidhaa

Utafiti wa kwanza wa kulinganisha nao ulifanyika Tanzania. Katika jaribio la SMS for Life, ambalo matokeo yake yalichapishwa na Barrington na wenzake mwaka 2010, vituo 129 vya afya katika wilaya za Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga viliombwa kila wiki kutuma kwa ujumbe mfupi wa simu idadi ya dozi za dawa mseto na kwinini ya sindano zilizokuwapo. Katika wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa aina moja au zaidi ya dawa hizo. Katika wiki ya 21 kiwango kilikuwa asilimia 26. Watafiti hawakuishia kwenye ujumbe wa simu: walitembelea vituo na kulinganisha idadi iliyotumwa na iliyokuwa rafuni, wakakuta usahihi wa asilimia 94.

Kazi hiyo ina udhaifu. Hapakuwa na wilaya za kulinganisha ambazo hazikupewa mfumo, hivyo haiwezekani kusema kwa uhakika ni kiasi gani cha mafanikio kilitokana na simu na kiasi gani kilitokana na mambo mengine ya kipindi kile. Pia kampuni ya Novartis, mtengenezaji wa dawa mseto, ilikuwa miongoni mwa washirika wa mradi. Lakini udhaifu huo unaonekana na unajadilika kwa sababu kilichopimwa kinajulikana. Dozi huhesabika, na mtu mwingine anaweza kwenda kuzihesabu.

Utafiti wa pili, uliofanyika Zambia mwaka 2009 na 2010, uliziba pengo hilo. Wilaya 24 ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi moja liliendelea na utaratibu wa zamani. La pili liliongezewa mtaalamu wa kupanga mahitaji, huku bohari ya wilaya ikiendelea kutunza akiba. La tatu nalo lilipata mtaalamu huyo, lakini bohari ya wilaya ikageuzwa kuwa kituo cha kupitishia tu: mzigo wa kila zahanati ulifungwa bohari kuu ukiwa na jina la zahanati hiyo. Kundi la tatu ndilo lililofanya vizuri zaidi katika kupunguza siku za kukosa dawa. Kwa kuwa makundi mawili ya mwisho yote yalikuwa na mtaalamu, tofauti kati yao ilielekeza kidole kwenye akiba ya wilaya. Hakuna mtumishi wa bohari ya wilaya ambaye angetarajiwa kuandika katika hojaji kwamba akiba anayoitunza ni sehemu ya tatizo.

Utafiti wa tatu ni wa Bandiera, Prat na Valletti (2009) nchini Italia. Walilinganisha bei ambazo taasisi za umma zililipa kwa bidhaa zenye sifa zilezile, kabla na baada ya wakala wa taifa wa ununuzi kuingia mikataba ya jumla. Walikuta kwamba zaidi ya asilimia 80 ya hasara iliyokadiriwa haikumnufaisha mwamuzi. Ilitokana na uzembe, kukosa ujuzi au urasimu. Matokeo hayo hayawezi kuhamishwa moja kwa moja kuletwa kwetu, ila yanatoa swali la kufanyiwa kazi. Mjadala wa ununuzi wa umma Afrika Mashariki huelemea rushwa. Ikiwa sehemu kubwa ya hasara yetu nayo ni ya aina isiyo na mnufaika, basi kuongeza saini na kamati kunaweza kuongeza hasara yenyewe. Hilo halijulikani kwa kuuliza watu kama kuna rushwa. Hujulikana kwa kulinganisha bei za karatasi ileile katika halmashauri mbili.

6.0 Lugha ya Hojaji

Kuna suala jingine ambalo wahakiki wa mbinu hulipita haraka, nalo ni lugha. Hojaji nyingi hutungwa kwa Kiingereza, hutafsiriwa kwa haraka, kisha hupelekwa kwa watu wanaofanya kazi yao kwa Kiswahili. Katika safari hiyo tofauti muhimu hufutika.

Mhudumu wa zahanati anayesema “dawa hakuna” anaweza kuwa na maana nne: haikuletwa kabisa, ililetwa ikaisha, ipo lakini muda wake wa matumizi umekwisha, au imefika lakini bado haijaingizwa kwenye leja. Kila maana ina chanzo chake na suluhisho lake. Kauli ya hojaji isemayo “upatikanaji wa dawa ni wa kuridhisha”, yenye ngazi tano kutoka “sikubaliani kabisa” hadi “nakubaliana sana”, huzibana zote nne katika namba moja.

Vivyo hivyo, Kiswahili hutofautisha kununua, kuagiza na kuletewa. Tofauti hiyo ndiyo historia ya ugavi wa dawa nchini. Katika miaka ya 1980 zahanati zililetewa makasha ya dawa yaliyopangwa tayari. Baadaye zikatakiwa kuagiza kulingana na matumizi yake. Chini ya mfumo wa mshitiri, ulioanzia Dodoma mwaka 2014 na kuenezwa nchi nzima kufikia 2018, kituo kinachokosa dawa Bohari ya Dawa (MSD) huweza kuinunua kwa mgavi mmoja aliyeingia mkataba na mkoa. Mtafiti anayeziita hali zote hizi “ununuzi” hawezi kujua ni nani alifanya uamuzi, na asipomjua mwenye uamuzi hawezi kusema utendaji wa nani unapimwa.

7.0 Pingamizi na Majibu Yake

Inaweza kudaiwa kwamba majalada ya zabuni ni siri, kwamba muda wa mwanafunzi ni mfupi na kwamba fedha hakuna. Madai haya yana uzito, hasa kwa anayejilipia masomo. Hata hivyo, ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali huchapishwa kila mwaka zikiwa na kiasi cha fedha, majina ya taasisi na aina ya dosari. Mfumo wa ununuzi wa umma kwa njia ya kielektroniki, NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, huweka tarehe katika hatua za zabuni zinazopitia humo. Na utafiti wa kufuata bidhaa unaweza kuwa mdogo: dawa 10, zahanati 6, leja za miezi 6, kuhesabu siku ambazo salio lilikuwa sifuri, kisha kulinganisha leja na rafu siku ya kutembelea. Kazi hiyo haihitaji ufadhili mkubwa. Inahitaji kibali, uvumilivu na msimamizi atakayekubali kwamba siku sifuri 31 ni data.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: yapo mambo ambayo maoni ndiyo ushahidi wake. Kuaminiana kati ya mnunuzi na mgavi, hofu ya afisa masuuli kuidhinisha ununuzi wa dharura, au sababu za mzabuni mdogo kutoshiriki zabuni havionekani kwenye leja. Hili ni kweli, na makala hii haipendekezi hojaji na usaili viachwe. Inachopinga ni kuyatumia maoni kujibu swali lisilo la maoni. Afisa anayesema anaogopa kuidhinisha ni shahidi bora wa hofu yake. Kama hofu hiyo ilichelewesha dawa kwa siku ngapi, jalada ndilo linalojua.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba udhaifu wa tafiti za ununuzi na ugavi hauko katika upungufu wa takwimu. Uko katika umbali kati ya takwimu hizo na bidhaa. Muundo uliozoeleka huzalisha matokeo ambayo ni vigumu kuyakanusha, kwa kuwa karibu kila hojaji ya aina hiyo itapata uhusiano chanya na kila uhusiano chanya utazaa pendekezo la mafunzo. Utafiti usioweza kukanushwa haumsaidii mtunga sera kuchagua kati ya njia mbili, kama ule wa Zambia ulivyosaidia kuchagua kati ya kuacha akiba wilayani na kuiondoa.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, kamati za vyuo zinazopitisha mapendekezo ya utafiti zidai kitengo cha uchanganuzi kitajwe waziwazi, na kiwe zabuni, oda au bidhaa pale mada inapohusu utendaji. Pili, kila tasnifu iwe na angalau kipimo kimoja kinachotokana na tarehe, bei au idadi, na kielezwe kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kukirudia. Tatu, mtafiti aandike kabla ya kwenda uwandani ni matokeo gani yangeifanya nadharia tete yake ianguke. Asiyeweza kuyataja hajawa tayari kwenda.

Sheria ya ununuzi itabadilika tena, kama ilivyobadilika mara nne. Watakaoiandika watatafuta ushahidi wa nini kilifanya kazi chini ya sheria zilizotangulia. Ni vyema wakute katika hazina zetu rekodi za siku, bei na dozi, pamoja na maoni ya waliozitunza.